Gari la michezo la zamani linayumba: tafuta tatizo kabla ya kununua spea

Gari la michezo lenye miaka 25 au 30 halichoki kwa siku moja. Bushi moja (kiungo cha mpira na chuma kwenye mfumo unaoshika magurudumu) inapasuka mwaka huu, shokapu inaanza kuvuja mwaka unaofuata, matairi yanakauka taratibu kwa kuwa gari linatembea mara chache, na muda wote huo dereva anazoea. Anapokuja kushtuka, gari lina makosa sita kwa pamoja, kila moja limejificha nyuma ya jingine. Hapo wengi hukimbilia shokapu mpya na springi fupi. Ni kosa la gharama kubwa: shokapu ngumu juu ya bushi zilizokufa hufanya gari likurushe kwenye kila shimo na bado liyumbe kwenye kona, na sasa hujui tena kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Mpangilio unaofaa ni huu: endesha na usikilize, kagua matairi, kagua gari likiwa chini, liinue utafute mchezo (ulegevu) kwenye viungo, kisha shokapu na springi, na alaimenti (kupanga mielekeo ya magurudumu) iwe ya mwisho kabisa. Alaimenti iliyofanywa juu ya bushi iliyolegea ni namba nzuri za kwenye karatasi tu. Gari likishuka kwenye mashine na kukanyagwa breki mara ya kwanza, gurudumu linarudi linakotaka lenyewe.

Vifaa: jeki ya gereji, stendi nne imara, kabari za magurudumu, mtaimbo mdogo wa sentimita 50 hivi, tochi, kipima upepo unachokiamini, futi ya chuma, timazi, uzi wa fundi ujenzi mita 15, toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), brashi ya waya, na mtu wa kukusaidia. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika.

Endesha kwanza

Pima upepo matairi yakiwa baridi, yaani gari limelala angalau saa tatu, na ujaze kwa kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango au kitabu cha gari. Magari yenye injini katikati au nyuma, kama Toyota MR2 na Porsche 911, hutaka upepo mwingi zaidi nyuma kuliko mbele. Ukijaza sawa pande zote nne, umeshaharibu tabia ya gari kabla hujaanza kulichunguza.

Chagua barabara nyoofu, kavu, isiyo na msongamano, na eneo pana la wazi la kuzungukia. Zima redio, shusha vioo. Fanya majaribio haya na uandike jibu la kila moja papo hapo:

1. Kasi ya 60 kwa saa, mikono ikiushika usukani kwa wepesi. Gari linavuta upande mmoja? Au halivuti popote ila linatangatanga, na kila mara unalirudisha?
2. Kasi hiyohiyo, barabara nyoofu: kanyaga mafuta kwa nguvu kiasi, kisha achia ghafla. Rudia mara tatu. Je, mkia wa gari unahama hata kidogo?
3. Funga breki polepole kutoka 60 hadi kusimama, kisha mara moja kwa nguvu.
4. Panda taratibu kutoka 70 hadi 110 kama sheria ya barabara hiyo inaruhusu. Mtetemo ukija, uko kwenye usukani au kwenye kiti?
5. Kwenye eneo la wazi, zunguka duara moja kwa mwendo usiobadilika, kushoto kisha kulia. Linganisha pande mbili.
6. Pita kwenye matuta madogo kwa mwendo wa kutembea kwa miguu, tairi moja baada ya jingine. Sikiliza linapogonga.
7. Ukiwa umesimama, kata usukani wote kushoto na kulia. Je, ni mwepesi kote, au una sehemu unakaza?

Jaribio la pili ndilo watu wengi hawalijui, nalo hufichua mengi. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, mafuta yakikanyagwa gurudumu linausukuma mbele mkono wake, yaani chuma kinacholiunganisha na bodi. Yakiachiwa, linauvuta nyuma. Bushi ikiwa nzima mkono hauendi popote. Ikiwa imechoka, gurudumu linageuka kidogo kila unapobadilisha mguu, na gari linajikatia kona lenyewe kutokea nyuma. Kwenye BMW E36, bushi za mbele za mikono mirefu ya nyuma zinajulikana kwa hili: gari linahisi kama limekanyaga barafu kwa sekunde moja kila unapoachia mafuta. Madereva wengi hulaumu shokapu, na shokapu haina kosa.

Kwa hayo mengine, maana zake kwa kifupi ni hizi. Mtetemo wa usukani kuanzia kilomita 80 kwa saa hutoka magurudumu ya mbele, wa kiti hutoka nyuma; anza na balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu). Gari likivuta wakati wa breki tu, tazama kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) iliyoganda, paipu ya mpira ya breki iliyojiziba ndani, au bushi ya mkono wa chini wa mbele. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona una kiungo kilichokauka, au maunti (kishikio) ya juu ya shokapu imeganda, au raki (gia ya usukani) imekazwa kupita kiasi. Usukani ukikaza na kulegea kwa zamu kila nusu mzunguko, shuku kiungo cha msalaba kwenye fimbo ya usukani. Na duara likiwa zuri kushoto lakini baya kulia, tafuta tofauti ya pande: linki iliyokatika ya stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), springi iliyovunjika, au vipimo vya alaimenti visivyolingana.

Matairi, hata kama yanaonekana mapya

Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo kashata (mpira wa juu wenye mistari) hubaki nene wakati mpira umeshakufa. Tafuta kwenye ubavu wa tairi namba nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2419 ni wiki ya 24 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kutoka hata getini. Kuanzia miaka sita anza kulitilia shaka, na likifika kumi liondoe hata kama kashata imejaa. Bonyeza kashata kwa ukucha: mpira hai unabonyea na kurudi, uliokufa unahisi kama kwato. Hakuna shokapu wala alaimenti itakayofanya mpira wa namna hiyo ushike lami.

Kisha soma ulaji. Katikati pameisha, upepo ulikuwa mwingi. Mabega yote mawili yameisha, ulikuwa mdogo. Ukingo wa ndani umeisha kwa magurudumu yote mawili ya mbele, ni kemba (kulala kwa gurudumu ndani au nje ukilitazama kutoka mbele) au tou (kutazama kwake ndani au nje ukilitazama kutoka juu). Pitisha kiganja juu ya tairi, kwanza kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, tou imekosewa na tairi linaburuzwa ubavu kila kilomita. Mabonde kuzunguka tairi, kama inavyoonekana sabuni iliyotumika vibaya, yanatokana na gurudumu kudundadunda: shokapu iliyokufa, beringi iliyolegea, au balansi.

Kama gari lilivuta upande kwenye jaribio la kwanza, badilishana matairi mawili ya mbele, kushoto na kulia, ukaendeshe tena. Matairi yenye mshale wa mwelekeo yabadilishe kwa jaribio fupi la mwendo mdogo kwenye lami kavu tu, kisha uyarudishe. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni tairi. Ukibaki palepale, kosa ni la gari. Kazi ya dakika ishirini, na mara nyingi inaokoa alaimenti isiyohitajika.

Angalia pia rimu. Mmiliki aliyetangulia akiweka rimu pana zaidi au vipande vya kusogeza magurudumu nje, usukani unaanza kufuata kila mfereji wa lami, kwa sababu kitovu cha tairi kimesogea mbali na mhimili ambao gurudumu linazungukia likikatwa. Na kama tundu la katikati la rimu ni kubwa kuliko habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) bila pete ya kujazia, mtetemo hautaisha hata ukipiga balansi mara tano.

Gari likiwa chini

Simamisha gari mahali tambarare, lisukume mbele na nyuma mita mbili ili suspensheni (mfumo wa springi, shokapu na mikono unaobeba bodi) ikae. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa matao ya bodi, kona zote nne. Usipime kutoka chini ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kushoto na kulia kukitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, kuna jambo. Fungua linki ya stabilaiza upande mmoja upime tena. Tofauti ikiondoka, stabilaiza ilikuwa imekazwa ikiwa imejipinda. Isipoondoka, tafuta springi. Springi za koili huvunjika mara nyingi kwenye mzunguko wa mwisho wa chini, ndani ya kikombe chake, mahali usipopaona hadi upitishe kidole. Porsche 944 nyuma, na 911 za zamani hadi mwisho wa miaka ya 1980, hazina koili hizo bali vyuma vya msokoto. Hapo urefu uliopotea ni kazi ya kupanga upya meno ya chuma, si ya kununua springi.

Kisha kutu. Chukua bisibisi kubwa, ugonge taratibu kwa mpini wake mahali ambapo suspensheni imeshikwa na bodi: juu ya shokapu, viti vya springi, miguu ya fremu ndogo (fremu ya chini inayobeba suspensheni), na mahali mikono mirefu inapoingia. Chuma kizima kinalia wazi. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kadibodi. Ukikuta hivyo, simamisha kila kitu. Kukaza boliti kwenye chuma kilichooza hakuna maana, na kupaka lami au kuziba kwa unga wa bodi ni kuficha hatari. Hapo panahitaji mchomeleaji anayejua kukata hadi chuma kizima na kurudisha unene ule ule.

Gari likiwa juu: kutafuta mchezo

Legeza nati za magurudumu kidogo gari likiwa bado chini, weka kabari, inua, weka stendi, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaweka mkono popote chini yake.

Shika gurudumu juu na chini, kama saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa ya ukutani, ulisukume na kulivuta. Ukihisi mchezo, mwambie msaidizi akanyage breki na aishikilie. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imefunga habu na sehemu inayoishika ziwe kitu kimoja. Ukibaki, ni boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono) au bushi. Sasa shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi (fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu) au kiungo cha ndani cha raki. Weka vidole vya mkono mwingine juu ya kiungo chenyewe huku msaidizi akitikisa. Macho hukosea, lakini vidole huhisi hata nusu milimita.

Mafundi wengi hupitisha boljointi mbovu kwa sababu wameinua gari vibaya. Kama springi inakalia mkono wa chini, gurudumu likining'inia springi inausukuma mkono huo na kuibana boljointi. Mchezo wote unapotea. Jeki lazima iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi. Kama springi iko kwenye shokapu moja kwa moja, mtindo wa MacPherson, fanya kinyume: inua bodi, gurudumu lining'inie. Kwenye baadhi ya magari, 944 za baadaye zikiwamo, boljointi imejengwa ndani ya mkono wa alumini, kwa hiyo ikifa unaamua kati ya kuijenga upya na kubadilisha mkono mzima.

Magari ya zamani zaidi yana mambo yake. MGB ina pini wima za mbele zinazotaka grisi kwenye niplo zake mara kwa mara. Inua gari ili mzigo utoke kwenye pini, la sivyo grisi haifiki upande unaolika. Kama usukani wake ni mzito, piga grisi kabla hujafungua kitu. Shokapu zake za mbele ni za mkono wa nyenzo, na mkono huo ndio mkono wa juu wa suspensheni. Mafuta yakiisha ndani, sehemu ya mwanzo ya mwendo wa mkono haina ukinzani kabisa, na gari linaelea kama mtumbwi.

Bushi zinahitaji mtaimbo na subira. Nyufa ndogo za juu ya mpira si kitu, ni uzee wa kawaida. Unachotafuta ni mpira ulioachana na bomba la chuma, mpira uliochanika hadi ndani, au bomba la katikati lililohama. Ingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, sukuma kila upande. Bushi nzima inanyumbuka kidogo na kurudi taratibu. Iliyokufa inagonga chuma kwa chuma. Bushi zilizojazwa majimaji zikiacha doa jeusi lenye mafuta chini yake, zimekwisha. Kwa mikono mirefu ya nyuma, ambayo mtaimbo hauifikii vizuri, funga simu imara chini ya bodi, irekodi video huku msaidizi akisogeza gari mbele na nyuma mita moja na kufunga breki. Ukitazama video taratibu utaona mkono unaohama. Usilale chini ya gari linalotembea kutazama kwa macho yako.

Bila kusahau maunti ya difu (gia za ekseli ya nyuma) na ya fremu ndogo ya nyuma: mgongano mmoja mzito ukiingiza gia au ukiachia klachi mara nyingi unatoka hapo, ingawa unasikika kama suspensheni.

Kukaza bushi mpya

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Bushi ya mpira haizunguki kwenye boliti. Mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, na mkono unapopanda na kushuka, mpira unajisokota na kujirudisha. Ukikaza boliti magurudumu yakiwa yananing'inia, umeifunga bushi katika hali hiyo. Gari likishuka chini, mpira umeshasokotwa kabla haujaanza kazi: gari linasimama juu kuliko inavyotakiwa, linakaa gumu, na bushi mpya inachanika ndani ya miezi michache.

Kwa hiyo, ingiza boliti zote zikiwa zimelegea. Chukua kipimo ulichoandika awali, cha katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao. Weka jeki chini ya mkono, uinue hadi kipimo hicho kirudi, huku bodi ikibaki kwenye stendi. Ndipo ukaze kwa toku renchi, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kama gari lilikuwa limelala kwa springi iliyochoka, tumia kipimo cha kiwandani. Bushi za poliyurethani ni tofauti. Hizo huzunguka kwenye bomba, kwa hiyo hazina shida hii, lakini zisipopakwa grisi ya silikoni hulia kila tuta. Kwa gari la barabarani, mpira wa kiwango cha kiwandani ndio chaguo bora kwa sehemu nyingi. Poliyurethani ifikirie pale ambapo mkono unazunguka kwa mhimili mmoja tu, kwa sababu mkono unaotakiwa kujipinda pande mbili ukishikwa na plastiki ngumu unaganda, na mzigo wote unahamia kwenye bodi.

Shokapu na springi

Kile kipimo cha kusukuma kona ya gari na kuhesabu linaruka mara ngapi kinafaa gari lenye springi laini. Kwenye gari la michezo, springi ngumu na misuguano ya viungo hutuliza bodi zenyewe, kwa hiyo shokapu iliyokufa nusu inafaulu mtihani. Angalia mambo matatu badala yake: mafuta, mabonde kwenye tairi, na kikomo cha mwendo.

Unyevu mwembamba wenye vumbi juu ya shokapu ni kawaida. Mafuta yaliyotiririka hadi chini ni kifo chake. Fimbo yenye vipele vya kutu itachana sili muda si mrefu, hata kama leo bado kavu.

Kikomo cha mwendo kinahitaji kamba ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya. Ifunge kwenye fimbo inayong'aa, ibane kiasi cha kusogea kwa kusukumwa, uisogeze hadi ikae juu ya mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kawaida, kisha tazama ilipoishia. Kama imesukumwa hadi kwenye mpira wa kikomo (mpira unaosimamisha mwendo wa shokapu mwishoni) bila gari kupita shimo kubwa, gari linakalia mipira hiyo kwenye kona. Hiki ndicho chanzo cha lile gari linaloshika vizuri mwanzo wa kona kisha ghafla linateleza: mpira wa kikomo ukiguswa, ugumu wa kona hiyo unapanda mara nyingi kwa kufumba na kufumbua, tairi linazidiwa mzigo na kuachia.

Mkosaji wa kawaida ni springi fupi au zilizokatwa. Kwenye suspensheni ya MacPherson, gari likishushwa hadi mikono ya chini ielekee juu kutoka katikati kwenda kwenye magurudumu, kitovu cha kulala kwa bodi (nukta ambayo bodi huizungukia ikilala) kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Gari linalala zaidi kwenye kona ingawa springi ni ngumu. Tairodi nazo hazilingani tena na mikono, kwa hiyo kila tuta linakata usukani lenyewe. Rudisha milimita 15 au 20 za urefu, na mara nyingi nusu ya malalamiko inaisha.

Ukishatoa shokapu, isimamishe wima, isukume na kuivuta mara tano ili hewa itoke, kisha rudia polepole. Ukinzani uwe uleule mwendo mzima. Ukihisi pengo tupu unapogeuza mwelekeo, imekwisha. Iliyojazwa gesi lazima ipande yenyewe ukiiachia. Badilisha mbili kwa mbili kwa kila ekseli, pamoja na mipira ya kikomo na maunti za juu kama zimechoka. Usifungue kamwe nati ya juu ya shokapu yenye koili kabla ya kuibana springi kwa kibanio chake hadi ilegee kwenye viti vyake pande zote mbili. Springi iliyofunguka ikiwa na mzigo inaua.

Gari likiwa bado juu, zungusha kila gurudumu kwa mkono baada ya kukanyaga na kuachia breki. Linaloburuza kupita mengine lina kalipa au pini zilizoganda, na hilo linavuta gari kama alaimenti mbovu.

Alaimenti kwa uzi na timazi

Huhitaji mashine kujua kama vipimo vimepotea. Unahitaji sakafu tambarare. Ikague kwa mpira wa maji wa fundi ujenzi, na utie vipande vya vigae au mbao nyembamba chini ya magurudumu yaliyo chini zaidi hadi tofauti iwe milimita 2 au pungufu. Tangi liwe nusu, na uzito kama wa dereva uwe kwenye kiti. Chini ya kila gurudumu weka mifuko miwili ya plastiki yenye grisi katikati ili tairi liteleze bila kujibana. Weka usukani katikati kwa kuhesabu mizunguko yote kutoka mwisho hadi mwisho na kurudi nusu.

Vuta nyuzi mbili zilizo sambamba, moja kila upande, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu. Zisogeze hadi umbali kutoka uzi hadi kitovu cha habu ulingane kushoto na kulia kwa magurudumu ya mbele, halafu kwa ya nyuma. Mbele na nyuma hazitalingana zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa upana wa ekseli hutofautiana, na hilo si kosa. Sasa pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Tofauti ndiyo tou ya gurudumu hilo: ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu linatazama ndani. Kwa rimu ya inchi 15, ambayo ukingo wake una kipenyo cha milimita 400 hivi, tofauti ya milimita 1 ni takriban digrii 0.14.

Kemba ipime kwa timazi iliyoning'inizwa upande wa nje wa gurudumu, mbele ya uso wa rimu: umbali hadi ukingo wa juu wa rimu ukitoa umbali hadi ukingo wa chini. Kwa rimu hiyohiyo, milimita 7 ni digrii 1. Juu kukiwa mbali zaidi, kemba ni hasi. Kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) haipimiki kwa uzi, lakini linganisha nafasi kati ya tairi na sehemu ya nyuma ya tao pande zote mbili. Tofauti ya milimita kadhaa inaonyesha mkono uliopinda au bushi iliyohama.

Fuata kitabu cha gari. Kama hakipo, gari la barabarani linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma huwa salama likiwa na tou ya ndani ya milimita 0 hadi 2 kwa jumla mbele, milimita 1 hadi 3 kwa jumla nyuma, kemba hasi ya nusu digrii hadi 1 mbele, na 1 hadi 1.5 nyuma. Tofauti ya kemba kushoto na kulia isizidi nusu digrii. Jambo lisilo na mjadala ni hili: tou ya nyuma isitazame nje hata kidogo. Magurudumu ya nyuma yakitazama nje, mkia unataka kukupita kila unapoachia mafuta kwenye kona, na kwenye gari lenye injini katikati huna muda wa kulirudisha.

Boliti za kurekebishia nazo zina tabia zake. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989 hadi 1997, inarekebishwa kwa boliti zenye kamu (kisahani kisichozungukia kitovu chake) kwenye mikono ya chini ya kona zote nne, na hizo hugandana na bomba la bushi kwa kutu. Chora alama ya nafasi ya kamu kabla ya kugusa, loweka mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo, kisha zungusha kidogo mbele na kidogo nyuma. Usilazimishe upande mmoja. Ikigoma kabisa, ikate pande zote mbili za bushi na uweke boliti na bushi mpya, ukipaka grisi ya kuzuia kuganda kabla ya kuingiza.

Rekebisha nyuma kwanza, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Ya mbele hupangwa kuyafuata. Baada ya kila rekebisho sukuma gari mbele na nyuma, pima tena. Kisha rudia majaribio saba ya mwanzo, barabara ileile, upepo uleule, ukilinganisha na ulichoandika. Ukibadilisha sehemu zaidi, badilisha moja, endesha, andika, ndipo uende kwa nyingine. Baada ya kilomita 300 hivi kaza tena boliti zote ulizogusa na upime urefu wa kona nne upya, maana springi na bushi mpya hukaa chini milimita chache, na tou huhama nazo.